Mlango wa Bi Kufuli

Alikuwa na kufuli kwenye birika la chai. Wasiomjua wakisimuliwa hudhani wanatiliwa chumvi, lakini birika lenyewe lilikuwepo, la alumini, limetobolewa tundu kwenye ukingo na jingine kwenye mfuniko, na katika matundu hayo kilipita kikufuli cha shaba cha aina ya kufungia sanduku la mwanafunzi wa bweni. Chai yenyewe haikuwa na maziwa wala cha kutamaniwa. Aliifunga kwa sababu ilikuwa yake. Funguo zake alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, zikilia kila alipoinama, hata majirani wakajua yuko wapi kama anavyojulikana mbuzi mwenye kengele. Walimwita Bi Kufuli, kwanza mgongoni, kisha usoni, na yeye akaitika kana kwamba ameitwa kwa cheo.

Kazi ndiyo iliyomfunza. Alikuwa mtunza stoo wa hospitali, mlezi wa mashuka, mablanketi na miche ya sabuni, na wauguzi walimwogopa kuliko walivyomwogopa mganga mkuu. Muuguzi akija mbio kuomba shuka safi, yeye humuuliza bila kunyanyua uso, "La jana liko wapi?" Shuka la jana lilikuwa chini ya mgonjwa. "Basi mgeuze ulitoe." Alistaafu bila kupendwa na mtu na bila kupoteza hata foronya, na katika mawili hayo sijui ni lipi alilojivunia zaidi.

Alikuwa akiishi katika ua wa wapangaji katikati ya jiji, vyumba vimejipanga mraba, milango yote ikitazamana kama watu waliogombana. Bomba moja, choo kimoja, na katikati banda la kupikia lisilo na kuta, ambamo kila mwanamke alikuwa na mafiga yake na hakuna aliyekuwa na siri. Mumewe alimleta pale, akamwacha na mtoto mchanga, akaenda kutafuta maisha. Inaelekea aliyapata, maana hakurudi.

Mtoto yule alikua, akasoma, akawa msanifu majengo. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ulianza alipogundua kwamba utoto wake una soko. Kila alipoalikwa kuzungumza juu ya makazi ya watu wa kipato cha chini, alivua miwani, akaifuta taratibu, akasema, "Mimi nimelelewa na ua. Sufuria zilikuwa nyingi, na kila sufuria ilinijua kwa jina." Watu walipiga makofi. Baadhi walitafuta leso. Kisha yeye alipanda gari akarudi kwake, pembezoni mwa jiji, kwenye nyumba yenye geti la chuma na vipande vya chupa juu ya ukuta, akala chakula chake peke yake huku taa ya ulinzi ikiwaka nje.

Wapangaji wa ua walikuwa wameunda ushirika, na baada ya miaka ya kuhangaika wakafanikiwa kuununua ule uwanja wenyewe. Wakaamua kubomoa vyumba vilivyochoka na kuinua ghorofa pale pale, bila mtu kufukuzwa mjini. Kazi ya kuchora akapewa mtoto wa nyumbani.

Yeye hakutaka kuchora peke yake ofisini. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, ambayo aliisifu sana: aliwaita wapangaji chini ya turubai, akawagawia maboksi ya karatasi ngumu, kila boksi likiwa mfano wa chumba kimoja, akawaambia wapange nyumba yao wenyewe mezani. Soda zilikuwa bure. Watu wazima walisukumana wakigombea boksi la upande wa jua la asubuhi. Mwisho alitoa boksi refu lisilo na upande mmoja, akaliweka katikati ya vyumba.

"Hili ni jiko la pamoja," alisema. "Moja kwa kila ghorofa, nyumba sita. Kila nyumba ikitaka jiko lake ndani, nafasi haitutoshi na wengine itabidi wahame. Tukilichanganya, tunabaki wote. Ila nisiwalazimishe. Nani hapendi kupika pamoja na wenzake, kama zamani?"

Kimya. Watu walitazama soda zao. Nani angesimama kumpinga kijana wa watu mbele ya mama yake mzazi? Nani angesema, huku ameshika chupa ya bure, kwamba hataki jirani aone anachopika? Mama Pacha ndiye peke yake aliyefungua mdomo, na ulikuwa mdomo uliozoea kufunguka: mwanamke mnene, mcheshi, mama wa pacha waliokwisha kuoa, aliyekuwa jirani wa Bi Kufuli mlango kwa mlango tangu ujana wao.

"Raha iliyoje!" alisema. "Tulizoea hivyo hivyo, baba."

Msanifu akamtazama mama yake. Bi Kufuli alikuwa akisoma maandishi kwenye kizibo cha soda kwa makini sana. Hakunyanyua uso. Nyumbani angemwambia mwanawe ukweli wote hadi maji aite mma, lakini mbele za watu mtoto ni wako hata akikosea, humvui nguo.

"Naona tumekubaliana," alisema msanifu. Makofi yakapigwa.

Hivyo ndivyo alivyokosea, na kwa kosa kama hilo unahitaji kuwa umesoma na bado uwe mtoto wa pale pale. Mgeni angekiogopa kile kimya. Yeye alikizoea tangu utotoni, akakidhania upendo.

Wakitoka, Mama Pacha alimgonga mwenzake kiwiko. "Tumerudi jikoni, shoga."

"Rudi wewe," alisema Bi Kufuli. "Mimi nilishatoka."

Jengo lilipanda. Haki yake lipewe: halikuwa baya. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo ulioshindiliwa, yasiyochomwa, na mchana wa jua kali vyumba vilikaa baridi bila feni. Maji ya mvua yalishuka kutoka juu ya paa hadi kwenye matangi, na miezi ya mvua bomba la mjini lilisahauliwa. Matundu ya hewa juu ya milango yalipitisha upepo kutoka barabarani hadi nyuma. Kodi haikupanda, na hakuna aliyehamishwa, hata wale ambao majirani wangefurahi wakihamishwa. Bi Kufuli alikiri yote hayo kwa mtindo wake: "Angalau haivuji."

Na katikati ya kila ghorofa palikuwa na jiko. Ukumbi mpana, majiko sita ya kuni chache yamejengwa katika safu moja, dohani moja ya kuutoa moshi juu ya paa, meza ndefu ya zege, na upande wa barazani hakuna ukuta, hakuna mlango, hakuna hata kabati la kufungwa. Msanifu aliyakataa makabati kwa mkono wake mwenyewe. Kufuli, alisema, ni ukuta unaobebeka.

Wiki ya kwanza watu walipika pale kwa haya ya ugeni. Wiki ya pili chumvi ya mtu ilitembea. Kisha mafuta ya mtu yakapungua bila kumwagika, na mtu akaulizwa kwa sauti ya upole kwamba leo nyama, je, kuna mgeni? Mmoja mmoja wakarudi vyumbani na vijiko vyao vya mkaa, wakapikia dirishani. Masizi yalipanda kwenye kuta nyeupe. Na yale matundu ya hewa, fahari ya msanifu, yakachukua harufu ya kila sufuria na kuipeleka kila kitanda, hivyo siri ambayo watu waliikimbizia ndani ikawatangulia barazani. Jikoni zikabaki pikipiki mbili, godoro lililochanika, na kuku wa mtu ambaye hakuna aliyekiri kuwa ni wake.

Bi Kufuli hakuwasha pale hata njiti. Alivaa nguo zake za kwenda hospitali, akaenda hadi ofisini kwa mwanawe, akakaa kwenye kiti cha wageni huku mkoba ukiwa magotini.

"Nataka mlango," alisema.

"Mlango upi tena, mama? Chumba chako si kina mlango?"

"Wa jikoni. Pale kwenye fungu langu. Ukuta na mlango."

Msanifu alicheka kwa upole, ule upole wa kumweleza mtoto. Akamvutia mchoro. "Ona, mama. Nikikupa wewe mlango, na wa pili atataka, na wa tatu. Itakuwa vibanda. Jiko hili ndilo moyo wa jengo. Wageni wanakuja kulitazama mwezi ujao, wakiridhika watatusaidia kujenga la pili kwa watu wa ule ua wa ng'ambo ya barabara. Unajua wale wanavyoishi. Tena nilitaka kukuomba: siku hiyo muwashe majiko. Wewe na Mama Pacha na wengine. Kama enzi zile. Mimi pale uani si nilikula katika kila sufuria?"

Bi Kufuli alimtazama muda mrefu kiasi cha mtu kupata nafasi ya kujuta, lakini yeye hakuitumia.

"Najua ulikula," alisema, akasimama. "Kwenye geti lako wewe kuna nini juu ya ukuta?"

"Lile la kule ni suala la usalama, mama."

"Ehe," alisema. "Na langu ni hilo hilo."

Siku ya wageni pikipiki ziliondolewa, godoro likafichwa, kuku akakimbizwa hadi ghorofa ya juu ambako alikanwa upya. Wanawake sita walisimama kila mmoja mbele ya jiko lake, wamejifunga khanga safi kama waombolezaji waliolipwa. Bi Kufuli naye alikuja. Alikuja kwa sababu aliombwa na mwanawe, na akasimama na sufuria yenye maji matupu, mikono nyuma.

Wageni walikuwa watatu, wakiongozwa na mama mmoja mrefu mwenye viatu vya kutembelea nyumba za watu maskini. Msanifu alivua miwani, akaifuta. Alipofika pale kwenye sufuria zilizomjua kwa jina, aliwapa wanawake ishara ya kuwasha.

Jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka lilikuwa dohani. Ilipita ghorofa ya juu, na watu wa juu, kwa kuwa siku hizo haikutoa tena moshi bali mende tu, walikuwa wameiziba kwa matambara. Moshi wa majiko matano, maana la Bi Kufuli halikuwashwa, ulipanda kwa furaha, ukafika penye matambara, ukageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kwa dakika moja hakuna aliyesema neno, kwa adabu. Kisha mgeni mrefu akakohoa, na adabu ikaisha. Walitoka mbio barazani wakigongana, macho yakiwatiririka, na mlango uliokuwa karibu ukafunguliwa na mwenye funguo. Wote wakajikuta chumbani kwa Bi Kufuli, wageni wamekaa kitandani, msanifu amesimama katikati, Mama Pacha ameziba mlango kwa mwili wake ili asipitwe na neno.

Dirishani kulikuwa na jiko dogo la mkaa, na juu yake maharage yakichemka. Ukuta wa pale ulikuwa mweusi hadi darini.

Bi Kufuli alivua kamba shingoni, akachagua ufunguo, akafungua birika, akawamiminia wageni chai. Hakuna aliyethubutu kuuliza kuhusu kufuli. Mgeni mrefu alikuwa akitazama masizi.

"Mama," alisema, "kwani kule jikoni hampiki?"

"Leo tu dohani imesumbua," alidakia msanifu. "Kwa kawaida..."

"Hatupiki," alisema Bi Kufuli. "Mimi sijawahi."

"Mama!" Msanifu aligeuka. Sauti yake haikuwa tena ya mikutanoni, ilikuwa ya mtoto aliyenyang'anywa. "Unasemaje hivyo mbele ya wageni? Pale uani si mlipika pamoja? Si wewe uliyekuwepo? Si nililishwa na wote?"

Bi Kufuli aliweka birika chini, akalifunga kwanza.

"Ulilishwa," alisema. "Unakumbuka walivyokuita? Hukumbuki, wewe ulikuwa unakula. Walifunua sufuria yangu, wakachungulia, wakasema kwa sauti ili hata wa bombani asikie: mleteni huyo mtoto, kwao leo maji matupu. Ukaenda mbio. Ukapewa mnofu. Nami nimekaa pale pale kwenye figa langu, nakuangalia unavyocheka, natabasamu, nashukuru. Kila kijiko ulichokula mwanangu nililipa kwa masikio. Baba yako yuko wapi, nilijibu. Nguo hiyo ya nani, nilijibu. Hapakuwa na mlango wa kufunga nikalia, basi sikulia. Nikasema nikiwa mzee nitapika mahali penye mlango. Nitapika hata kiatu, mtu asijue. Wewe ukasoma, ukarudi, ukalijenga lile banda kwa zege lisivunjike."

Mama Pacha alishika fremu ya mlango.

"Tulikuwa tunatania tu, shoga," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mlikuwa mnatania," alisema Bi Kufuli. "Mimi nilikuwa napika."

Ungedhani wageni waliaibika. Mgeni mrefu alifuta macho, na safari hii haukuwa moshi. Alisema huo ulikuwa ushuhuda wenye kugusa sana, akamwomba Bi Kufuli picha pamoja na birika. Baadaye habari zikaja kwamba jengo la pili limepita, na jiko la pamoja limesifiwa kuwa mahali ambapo wanawake hukutana na kumbukumbu zao. Watu wa namna hiyo huwezi kuwaambia kitu. Ukiwatukana wanakushukuru kwa maoni yako.

Msanifu hakuonekana kwa siku kadhaa. Huenda alijaribu kuitoa ile hotuba mahali fulani, akafika kwenye sufuria, miwani ikabaki mkononi. Hilo halijulikani. Kinachojulikana ni kwamba siku moja ya mapumziko alikuja bila gari la ofisi, amepakia kwenye mkokoteni mbao, bawaba na mlango mkuukuu alioununua kwa wauza vifaa vya majengo yaliyobomolewa. Mlangoni pale bado palisomeka MHASIBU kwa rangi nyeupe.

Aliweka mbao kuzunguka jiko la mama yake, kuanzia ukutani hadi kwenye meza ya zege. Alifanya mwenyewe. Mtu aliyechora milango ya jiji zima alikuwa hajawahi kuutundika hata mmoja, na ilionekana. Majirani walitoka kutazama, kila mmoja na maoni yake.

"Bawaba umeigeuza, baba," alisema mmoja.

"Mwacheni, huyo ni msanifu," alisema Mama Pacha. "Akipinda, ujue ndiyo mtindo." Kisha akasogea karibu. "Ukimaliza hapo, na mimi unipimie."

"Na mimi," alisema mwingine.

"Na mimi, ila wangu usiandikwe mhasibu."

Msanifu alishusha nyundo. "Lakini ninyi si mlikubali? Kwenye mkutano? Wote?"

"Tulikunywa soda," alisema Mama Pacha.

Mlango ulipokamilika, ulifunguka ukagonga jiko na kubaki nusu, hivyo mtu mzima alipaswa kuingia kwa ubavu. Kwa juu ulibakiza nafasi ya kupita mkono. Bi Kufuli aliukagua kama alivyokagua mashuka yaliyotoka kufuliwa, mbele na nyuma, akisubiri kuona pa kusema.

"Umekaa vibaya," alisema.

"Nitaurudia, mama."

"Hutaurudia. Unafungika?"

"Unafungika."

Bi Kufuli alikuwa ameagiza watu wa juu watoe matambara yao, na walikuwa wameyatoa. Akaingia kwa ubavu, akawasha jiko kwa mara ya kwanza tangu lijengwe, na moshi ukapanda ulikopaswa kwenda. Akaweka maharage. Hayakuwa na nazi wala nyama, yalikuwa maji mengi na chumvi, kama alivyoyapika sikuzote hata baada ya kupata uwezo wa kuyapika vinginevyo. Kisha akatoa kichwa nje.

"Wewe. Ingia."

Msanifu akabana tumbo, akaingia. Mama yake akavuta mlango, akachukua kufuli la birika, akalipachika kwa ndani. Wawili hao walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, magoti yakigusana, kuta zikiwa karibu kiasi kwamba mtu asingeweza kunyoosha mkono akavua miwani hata angetaka. Akampakulia bakuli la kwanza. Akasimama juu yake.

"Kula," alisema.

Alikula. Hakusifu. Alipomaliza alinyoosha bakuli, na mama akamwongeza.

Nje, upande wa pili wa mbao, nyayo zilisogea. Kisha sauti nene ikapenya kwenye upenyo wa juu:

"Shoga! Mnakula nini humo?"

Bi Kufuli alifunika sufuria. Uso wake, ambao wauguzi wa zamu zote hawakuwahi kuuona ukilegea, ulilegea.

"Hayakuhusu!" alisema, akachukua bakuli lake naye akakaa.